Nusu Yangu Inaishia Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kuanika mashuka. Matroni wa hospitali ametuita wauguzi sote tunaoomba nafasi ya masomo, akatusomea masharti. Nafasi ni moja. Miaka miwili chuoni, mbali, pamoja na chumba cha kulala. Atakayeipata ni yule atakayefanya vizuri kuliko wote katika mtihani wa Kiingereza cha juu, na mtihani wenyewe mwaka huu unatoka kwenye mchezo wa kuigiza wa zamani. Matroni alitusomea mistari michache huku amekunja uso. Muuguzi mmoja akauliza ni mgonjwa gani anayeongea hivyo. Matroni akasema yeye hakuutunga.

Wengi watakata tamaa kabla mwezi haujaisha, nawajua. Tutabaki wawili, mimi na wifi yangu.

Niandike hali ilivyo, maana daftari hili nimelinunua kwa ajili ya msamiati na kurasa ni nyingi. Wifi ni dada wa mume wangu. Ndoa yake ilivunjika mwaka juzi, akarudi kwao, na kwao ndiko kwetu: nyumba ya vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja chetu, kingine cha mama mkwe, na sebule ikawa yake. Mimi niko wodi ya upasuaji, yeye wodi ya wazazi. Kazini wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Na mimi wananiita Barafu. Jina hilo alilianzisha yeye. Mume wangu ni fundi wa friji, kwa hiyo utani unajitunga wenyewe.

Nikishinda, naondoka mimi. Akishinda, anaondoka yeye. Kwa vyovyote vile, mwakani hatutagombania bafu asubuhi. Hilo peke yake linatosha kunifanya nisome.

Alhamisi, 6 Machi

Kitabu hakipo madukani. Kipo kimoja, humu ndani, kwenye kabati la vyombo. Baba mkwe alikisoma shuleni akakitunza mpaka alipofariki. Nilimuuguza mimi, na aliniambia kwa mdomo wake, "Mke wa mwanangu, hiki chukua wewe, wengine hawasomi." Wifi anasema yeye ndiye damu yake. Amekichukua, anakilalia chini ya mto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekitoa chini ya mto wake alipokuwa zamu.

Jumamosi, 8 Machi

Amekirudisha.

Jumapili, 9 Machi

Tulikuwa jikoni. Mimi nimeshika kitabu upande wa juu, yeye upande wa chini, watu wazima wawili wenye vyeti. Wifi akasema, "Baba angekuwa hai usingethubutu." Nikasema, "Baba angekuwa hai angekuuliza mara ya mwisho ulimwogesha lini." Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Ghafla akakumbuka friji ya mtu iko uani, akaenda kuitengeneza.

Mama mkwe alikuwa anakata vitunguu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Leteni." Tulimpa, kila mmoja akiamini atapewa yeye. Akakiweka juu ya ubao, akakifungua katikati na kupitisha kisu mgongoni. Kisu hakikuwa kikali kwa kazi hiyo, ikabidi akereze kama anayekata mkate wa juzi. Nusu ya kwanza akanipa mimi. Ya pili akampa binti yake.

"Haya. Sasa nyamazeni," akasema. "Wiki nzima hata mvua sijaisikia."

Karatasi moja ya katikati, ile iliyokuwa mpakani, ilichanika ikaangukia kwenye beseni la vyombo. Nilipoiokoa wino ulikuwa umeshatoka na mchuzi umeshaingia. Wifi alilia. Mimi niliosha vyombo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza. Mchezo una watu watatu wa maana: Jaji wa mji, Kapteni ambaye ni rafiki yake tangu utotoni, na mke wa Jaji. Huyu wa mwisho hakupewa jina, anaitwa Mke tu. Kapteni anasingiziwa kosa, na Jaji, ili asionekane anapendelea, anamfukuza rafiki yake nchini. Akirudi, auawe. Neno lao ni "banish". Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Kiingereza nilichonacho ni cha dozi na presha. Humu mtu akitaka maji anayaomba kwa shairi.

Mbinu yangu ni hii: naandika neno kwenye kipande cha plasta na kukibandika mahali panapolifaa. "Banish" nimelibandika kwenye mlango wa mbele. "Solace", yaani faraja, kwenye chupa ya chai. "Perjury", kula kiapo cha uongo, kwenye mizani ya kupimia uzito iliyopo chumbani. Mume wangu aliuliza maana ya hilo la mizani. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa kitandani.

Jumatano, 12 Machi

Plasta zimeisha. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi haandiki chochote. Mbinu yake ni kuropoka. Leo amepiga goti mbele ya kaka yake na kuomba chumvi kwa neno "beseech", ambalo ni kusihi, kwa mikono miwili na macho juu. Kaka yake akampa chumvi. Mama akampigia makofi. Mimi nilikuwa nasoma.

Jumapili, 16 Machi

Mama hajui Kiingereza na anataka hadithi. "Nimekata kitabu cha mume wangu," alisema, "angalau nijue nimekata nini." Kwa hiyo baada ya chakula tulikaa sebuleni na nikasimulia nusu yangu, nikiruka nisipopaelewa. Nilifika mwisho: miaka imepita, mvua kubwa inanyesha, Jaji amelala, mlango unagongwa. Mke anachukua taa, anakwenda kufungua. Nusu yangu inaishia mlangoni.

Wifi akapokea. Nusu yake inaanza Kapteni akiwa ameshaingia. Amekaa jikoni, anakausha miguu, amejipa jina la uongo, na Mke anamwandalia chakula. Kisha Jaji anampa kazi ya ulinzi bila kumtambua. Mke anajua fika huyu ni nani, inaonekana kwa namna anavyomtoa mumewe chumbani kila Kapteni anapojisahau. Ila hasemi, siyo kwa mumewe, siyo kwa Kapteni mwenyewe, mpaka mchezo unaisha.

"Kwa nini hakusema?" Mama akauliza.

Wifi alinitazama. Mimi nilimtazama Mama. "Hiyo iko kwenye karatasi iliyoangukia beseni."

"Nyie niambieni tu."

"Mama, huo ukurasa hatuna. Uliukata wewe."

"Nilikata kitabu," akasema. "Akili zenu sikuzikata."

Alhamisi, 20 Machi

Wodi ya wazazi imepungukiwa watu kwa mafua, nimepelekwa huko zamu ya asubuhi. Aliyekuwa anatoka zamu ni wifi. Tangu siku ya kisu hatusemeshani ila kupitia kwa Mama. "Mwambie huyo asogeze ndoo." "Amesikia, ana masikio."

Lakini kukabidhiana zamu ni kukabidhiana zamu. Hata kama mmetoka kutukanana kwenye ngazi, mnapita pamoja kitanda kwa kitanda. Anayetoka anasema, anayeingia anasikiliza, na mwisho anayeingia anatamka, "Nimepokea." Asipotamka, mwenzake haondoki, hata jua lichomoze lizame. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza na sijawahi kuona mtu akivunja.

Tukaanzia kitanda cha dirishani. "Sista, huyu amejifungua alfajiri, mtoto wa kiume, wote wazima, ila mama hajapata haja ndogo, mfuatilie. Huyu presha ilipanda, nimempa dawa, daktari anajua. Huyu anasema haumwi. Usimwamini, mtazame mikono."

Nilimtazama mikono yule mgonjwa. Alikuwa ameikunja ngumi ndani ya shuka. Sauti ya wifi kazini siyo ile ya nyumbani. Ni ya chini, na haina neno la ziada. Tumefanya kazi jengo moja miaka mingi na sikuwahi kuisikia.

Tulifika kitanda cha mwisho, kitupu, kimetandikwa. Nilingoja afunge faili. Hakufunga. Akaendelea kwa sauti ileile.

"Jaji. Hali yake inazidi kuwa mbaya. Halali, chakula anakisukuma pembeni. Ameanza kumpenda mlinzi mpya na hajui kwa nini. Kapteni. Anaendelea vizuri, ila anaficha jina, na kengele ya mahakama ikilia anatetemeka. Mke. Hasemi. Awe chini ya uangalizi."

Niligeuka kuangalia kama Matroni yupo. Hakuwepo.

"Kuna maneno mapya?" nikauliza, na mimi kwa sauti ya kazini.

"'Forbear.' Limejaa kila mahali. Ni kujizuia. Una uwezo wa kumuumiza mtu, na pengine una haki, halafu unaacha."

"Nimepokea."

Akachukua mwavuli akaenda nyumbani. Jioni sebuleni hatukusemeshana hata kidogo.

Jumatatu, 24 Machi

Imekuwa desturi. Nimerudi wodini kwangu, lakini yeye akiingia zamu ndipo mimi natoka, tunakutana getini, chini ya kibati cha mlinzi, kwa kuwa mwavuli ni mmoja na lazima tupokezane. Namkabidhi watu wa nusu yangu na maneno yao, naye ananikabidhi wa kwake. Nyumbani ni kama kawaida. Hatujaulizana kwa nini tusibadilishane tu nusu zetu. Nadhani kila mmoja anamngoja mwenzake aombe.

Mlinzi ameanza kufuatilia. Leo wifi alichelewa, akaniuliza yeye: "Sista, Jaji amepata usingizi?"

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Waombaji sita wamejitoa.

Jumamosi, 29 Machi

Bati la sebuleni limetoboka, maji yakamwagikia godoro la wifi akiwa kazini. Nililiinua mimi, nikahamisha na vitu vyake. Havikuwa vingi. Kila kitu chake kipo ndani ya begi lilelile alilokuja nalo, kimekunjwa, zipu imefungwa. Kabatini nilimwachia rafu mbili siku ile ya kwanza. Hajaweka hata kitana.

Siku ile alifika jioni, mvua kama hii. Mume wangu alikuwa safarini na Mama alikuwa kwa nduguye. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na hilo begi, shavu moja limevimba. Sikumwuliza kitu. Nilisogeza meza, nikatandika godoro, nikachemsha chai. Alikunywa akitazama ukuta. Wiki hiyohiyo nikasikia kazini kwamba jina langu ni Barafu.

Nimelianika godoro jikoni. Wifi aliporudi, Mama akamwambia nani amelitoa. Hakusema asante. Usiku alikohoa kidogo, basi.

Jumatano, 2 Aprili

Mume wangu amepanda juu ya paa, ameziba. Mvua imehamia chumbani kwetu.

Jumapili, 6 Aprili

Mama ameuliza tena kwa nini Mke alinyamaza. Wifi akasema labda alimpenda Kapteni zamani. Mama akakataa: "Mwenye mapenzi anajulikana kwa fujo." Nikasema labda alimwogopa mumewe. Mama akakataa tena: "Anayeogopa hafungui mlango." Mume wangu akasema labda alikuwa na usingizi. Tulicheka wote wanne kwa pamoja, na baada ya hapo tukawa hatujui tuangalie wapi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeota namwomba mgonjwa mkojo kwa mistari yenye vina.

Jumapili, 13 Aprili

Jana wodi ya wazazi waliwapoteza mama mmoja na mtoto wake. Damu haikukoma. Nilisikia nikiwa kwetu upasuaji. Habari za aina hiyo hupanda ngazi zenyewe. Wifi ndiye aliyekuwa naye tangu mwanzo. Getini hakunikabidhi kitu. Alichukua upande wake wa mwavuli na kutembea, na mimi, ambaye zamu yangu ilikuwa imeisha pia, nikatembea naye.

Leo hakuinuka. Alikaa juu ya godoro, uso kwenye ukuta. Mama alijaribu, alimletea chakula, akamsemesha kwa upole, akamsemesha kwa ukali. Mume wangu alijaribu, alimwambia si kosa lake. Kila aliyetoka sebuleni alinitazama mimi. Nilijua wanachotaka. Wanataka niseme neno, kwa sababu mimi nazijua damu zisizokoma, nimeziona na mimi. Lakini neno lenyewe ni lipi? Nililitafuta kwa dhati nikiwa nimesimama jikoni, na sikulipata kwa lugha yoyote.

Nyumba ilikuwa kimya. Miezi yote hii nimeomba redio izimwe. Ilivyozimika, niliogopa.

Nilichemsha chai. Nikaingia, nikaiweka karibu na mkono wake, nikakaa chini, mgongo kwenye kochi. Nilikuwa na nusu yangu ya kitabu mfukoni mwa gauni, basi nikaitoa na kuanza kusoma kwa sauti kutoka ukurasa wa kwanza. Kiingereza changu kinasuasua na yale maneno yananing'ang'ania kooni. Nilisoma Jaji na Kapteni wakiwa bado marafiki. Nikasoma uongo, nikasoma hukumu. Mahali fulani nilikosea kutamka na yeye, bila kugeuka, akanisahihisha. Nikaendelea. Alikunywa chai ikiwa ya baridi. Nilipofika mlangoni, mahali ambapo taa inashikwa na kitasa kinashikwa, kitabu kikaisha na sikuwa na la kuongeza.

 Kisha akachomoa nusu yake chini ya mto akaanza kusoma kutoka jikoni, Kapteni akikausha miguu. Sauti yake ilikuwa inakwaruza lakini haikukatika. Mama alikuja akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akasikiliza Kiingereza asichokijua mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe ni huu: Jaji anagundua, anafuta hukumu, anamsihi Kapteni abaki. Kapteni anakataa, anaondoka, safari hii kwa hiari yake. Na Mke anamshikia kofia.

Jumatatu, 14 Aprili

Amerudi kazini. Getini alinikabidhi kila kitu, pamoja na yule mama. Kitanda chake, jina lake, saa yake. Nilipokea.

Jumamosi, 19 Aprili

Nusu zote mbili sasa zinakaa juu ya meza ya sebuleni. Anayetaka anachukua. Nimeona yeye huchora mistari chini ya maneno kwa wanja, mtoto wa watu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua haikunyesha. Tulisahau mwavuli getini.

Ijumaa, 25 Aprili

Kwenye kabati, rafu ya chini, pameonekana kitana.

Alhamisi, 1 Mei

Tumebaki sisi wawili kweli. Matroni ametuambia mmoja wetu ataondoka mapema Juni. Alisema hivyo kwa furaha, na sote wawili tukasema asante. Njiani wifi hakuimba. Nilipiga hesabu zilezile za Machi: nikishinda naondoka mimi, akishinda anaondoka yeye. Zamani zilikuwa zinanipa usingizi mzuri.

Jumamosi, 3 Mei

Mtihani. Chumba kina harufu ya chaki na makoti yaliyolowa. Maneno nilikuwa nayo yote. Nilikuwa nayaona kwenye chupa, kwenye mizani, kwenye milango. Sehemu ya kwanza niliimaliza nikabaki na muda.

Swali la mwisho lilikuwa na uzito kuliko yote. Liliuliza kwa nini Mke anamruhusu mgeni aingie na hamtaji, na likataka jibu refu. Liliuliza karatasi ya beseni.

Nilikaa na kalamu mkononi. Nilijua Mama alishauliza, tena zaidi ya mara moja, na sisi tukabahatisha. Sikuweza kubahatisha mbele ya watu nisiowajua. Niliandika kwamba nakala yangu ina upungufu wa karatasi hiyo, na kwa hiyo siwezi kusema Mke alikuwa na sababu gani. Halafu nikapiga mstari chini kwa rula.

Dawati la mbele wifi alikuwa ameinama anaandika. Aliomba karatasi ya ziada. Akaomba nyingine. Aliandika mpaka msimamizi akamnyang'anya.

Jumapili, 4 Mei

Nimemweleza Mama nilichojibu. Aliacha kuchambua maharage.

"Umewaandikia kwamba karatasi huna?"

"Ndiyo ukweli, Mama."

"Mwanangu, wewe hata mtihani umeuweka kwenye friji."

Nikamwuliza kitu kilichonikaa moyoni tangu Machi: alikata kile kitabu makusudi ili tutafutane? Nilikuwa nimeshaamini hivyo. Nilikuwa hata nimeanza kumsifu kimoyomoyo.

"Makusudi gani?" akasema. "Nilikuwa na hasira. Tena nilijuta kabla kisu hakijafika mwisho, lakini ningeachia wapi?"

Wifi hajasema aliandika nini. Sijamwuliza.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zinakwisha, manyunyu tu.

Jumatano, 21 Mei

Hakuna habari. Mlinzi anauliza kama Kapteni atarudi tena. Nimemwambia mchezo umeisha. Hajaridhika.

Ijumaa, 30 Mei

Wifi amepata.

Matroni alisema tulikaribiana sana kwenye msamiati, mimi nikimzidi kidogo. Ni lile swali la mwisho. Wasahihishaji walimwambia kwamba kuna mtahiniwa aliyeeleza ule mlango kana kwamba aliwahi kusimama nje yake.

Niliumia. Hilo naliandika wazi kwa sababu usoni halikuonekana. Nilitaka ile nafasi. Nilikuwa nimeshajiona kwenye ile ngazi ya chuo na koti jipya. Nilimpa wifi mkono. Alinikumbatia, nami nikasimama tu, mikono imening'inia, mpaka akaniachia. Jioni alicheza na Mama sebuleni, na mume wangu akacheza na mlango wa friji. Mimi niliandaa chakula na nilihakikisha kimetosha.

Jumanne, 3 Juni

Amenunua begi la pili.

Jumamosi, 7 Juni

Nimebandua plasta nyumba nzima. Ya chupa ya chai imegoma, imebaki nusu. Mama anataka wifi achukue kitabu chote. Wifi akasema hapana, atachukua nusu moja, nyingine ibaki. Akachukua ya kwanza, ile yangu, inayoishia mlangoni. Nikamwambia ya kwake ndiyo yenye mwisho mzuri. Akasema mwisho anaujua.

Jumapili, 8 Juni

Jua kali tangu asubuhi. Gari la kumpeleka kituoni lilikuja mapema, dereva akakataa chai. Mama aliagana naye ndani na hakutaka kutoka. Mume wangu alibeba begi moja, akaliweka garini, akajifanya anakagua matairi.

Wifi alibaki mlangoni na begi la zamani mkononi. Mimi nilikuwa upande wa ndani. Akanyoosha mgongo, akaanza, kwa ile sauti ya wodini.

"Sista. Mama. Magoti yanamuuma mvua ikikaribia. Atasema hayamuumi, usimwamini. Sukari kwenye chai kidogo, akidai nyingine mwambie imeisha. Kaka. Hali nzuri. Akisikia ugomvi anakimbilia uani, mwache, atarudi akisikia njaa."

Akahamishia begi mkono wa pili. Nikadhani amemaliza.

"Wa mwisho," akasema. "Mke. Huyu hasemi. Nilikaa naye muda mrefu nikiona ni baridi, nikawaambia na watu. Nilifika mlangoni hapa nimelowa, uso umevimba. Njia nzima nilikuwa nimejiambia, akiniuliza neno moja, hata pole tu, nageuka narudi nilikotoka. Na kule nisingetoka mzima tena. Hakuuliza. Alisogeza meza. Ndivyo nilivyowaandikia wale wa mtihani, kwamba alinyamaza ili mtu aweze kuingia. Maneno mengine yote niliyokuwa nayo ni ya kwenye plasta zako."

Nilitaka kumwambia kwamba siku ile sikuwaza yote hayo. Niliona mtu amelowa nikakumbuka lilipo taulo kavu, basi. Nilitaka kumwambia pia kwamba sitaki aende, na kwamba hilo lenyewe limenishangaza. 

Dereva akapiga honi. Wifi hakusogea. Alikuwa ananingoja, begi mkononi, kwa sababu anayetoka haondoki mpaka anayeingia atamke. Nilijua hivyo. Nikalichelewesha lile neno kadiri nilivyoweza, na yeye akaniacha nilicheleweshe.

"Nimepokea," nikasema.

Ndipo akaenda.